Nyumba Njema Si Mlango: Usiku Mmoja katika Jumba la Kale la Uingereza

Huenda unaye mtoto, au mpwa, au mtoto wa jirani, anayefanya kazi Uingereza. Siku hizi wako wengi. Wauguzi waliotoka Kenya, Tanzania na Uganda wamo katika hospitali za nchi ile na katika nyumba za kulelea wazee, na mishahara yao husomesha wadogo zao huku nyumbani. Basi ikitokea siku moja ukaalikwa kwenda kumtazama mtoto huyo, usishangae akikuambia: "Baba, Mama, nimewawekea nafasi ya usiku mmoja katika hoteli ya shamba, jumba la kale. Mtalala kama mabwana wa zamani."

Atakuonyesha na picha. Utaona jumba la mawe lenye madirisha mengi, mimea ya kutambaa imepanda ukutani, uwanja wa nyasi uliokatwa sawasawa kama zulia, na ndani moto mkubwa wa kuni unawaka. Utasema moyoni, hapa ndipo raha ilipo. Na bei je? Pauni 200 au 300 kwa chumba, kwa usiku mmoja, si ajabu hata kidogo, na mara nyingi chakula cha jioni hakimo katika hesabu hiyo. Kwa fedha ya huku kwetu hiyo ni karibu bei ya ng'ombe. Fikiri mtoto wako amekesha zamu ngapi wodini hata akampata ng'ombe huyo, naye atalika kwa usiku mmoja tu.

Wapo waliolala katika majumba hayo wakatoka wanasifu. Wapo pia, wala si wachache, waliotoka asubuhi wamenuna, hawakupata usingizi, na fedha imekwisha lipwa. Haifai kusema kwamba wenye hoteli wote ni wanyang'anyi. Sababu ya masikitiko hayo imo ndani ya kuta zenyewe, tena ina historia yake. Ukiijua historia hiyo, utajua pia mambo ya kuuliza kabla fedha haijatoka mfukoni.

MAJUMBA HAYA YALITOKA WAPI?

Zamani sehemu kubwa ya ardhi ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa makabaila. Mmoja aliweza kumiliki mashamba ya vijiji kadhaa, na wakulima wakamlipa kodi ya ardhi. Kwa fedha hiyo alijijengea jumba katikati ya milki yake. Halikuwa nyumba ya kulala tu. Lilikuwa alama ya ukubwa wake. Wageni walikuja kuwinda, kula na kuzungumza mambo ya utawala, nao walikaa siku nyingi.

Lakini kumbuka jambo moja, maana ndilo shina la habari yote. Jumba lile lilikuwa na watumishi. Katika jumba kubwa walikuwapo ishirini, thelathini, hata kupita. Alikuwapo mkuu wa watumishi, mpishi na wasaidizi wake, wasichana wa kufagia na kutandika, madobi, watunza farasi na watunza bustani. Msichana aliamka kabla ya alfajiri, akabeba ndoo ya makaa ya mawe ngazi kwa ngazi, akawasha moto chumbani mgeni angali amelala. Mwingine alipandisha maji ya moto ya kuogea. Karibu na kitanda palikuwa na kamba. Mgeni akiivuta, kengele ililia mbali huko chini, na mtu akaja mbio kusikiliza shida yake.

Kwa hiyo mgeni aliona kama joto na maji ya moto vinatoka katika jumba lenyewe. Kumbe sivyo. Vilitoka katika mikono na miguu ya watu. Na watu hao, tusisahau, walilipwa kidogo, wakalala vyumba vya darini vilivyo na baridi kali.

Mambo yakageuka. Tangu miaka ya 1870 meli za moshi zilileta nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani, bei ya ngano ya Uingereza ikaanguka, na kodi za mashamba zikapungua. Mwaka 1894 Serikali ikaweka kodi mpya juu ya mali ya marehemu. Kwa matajiri wakubwa kabisa ilianza na asilimia 8. Mwaka 1919 ikafika 40, na mwaka 1949 ikafika 80. Kabaila akifa, mwanawe aliuza shamba ili alipe kodi. Naye akifa, mjukuu aliuza shamba lililobaki. Jumba likabaki limesimama peke yake, halina ardhi ya kulilisha.

Halafu ikaja vita. Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hata 1918, iliua warithi wa majumba hayo na watumishi wao vilevile. Wanawake wengi walioonja kazi ya kiwanda, yenye saa maalumu na mshahara wa kila juma, hawakutaka tena kurudi kubeba makaa ya bibi mkubwa. Katika Vita ya Pili Serikali iliyatwaa majumba mengi, ikatia ndani askari, wagonjwa au watoto wa shule. Yaliporudishwa, mengine yalikuwa yamechakaa, mapaa yanavuja, na mwenyewe hana fedha ya kuyatengeneza.

Ndipo yakabomolewa, moja baada ya jingine. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London, lilifanya maonyesho ya majumba yaliyopotea. Watu walisikitika kuona kwamba zaidi ya 1,000 yametoweka katika muda wa miaka mia hivi.

Yaliyopona yalitafutiwa kazi nyingine. Mengine yakawa shule. Mengine yakaingia mikononi mwa National Trust, chama cha kuhifadhi mali za kale kilichoanzishwa mwaka 1895. Na mengine yakageuzwa kuwa hoteli.

WALIOANZA VIZURI

Mwaka 1948 mtu mmoja, jina lake Francis Coulson, alinunua nyumba iitwayo Sharrow Bay, kando ya ziwa Ullswater kaskazini ya Uingereza, akaifanya hoteli. Wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya namna hii. Coulson alikuwa mpishi, naye alipika mwenyewe. Mwaka 1952 alipata mwenzake, Brian Sack, aliyewapokea na kuwaangalia wageni. Mmoja jikoni, mmoja mlangoni: hiyo ndiyo iliyokuwa siri yao, na sifa zao zikaenea mbali kwa miaka mingi. Hoteli hiyo ilifungwa mwaka 2020.

Mwaka 1958 Peter Herbert alifungua hoteli ya Gravetye Manor, kusini ya London, katika nyumba iliyojengwa mwaka 1598, nayo ilisifiwa kwa bustani yake na chakula chake. Ipo pia Hartwell House, ambamo Louis wa 18, mfalme wa Ufaransa, aliishi uhamishoni tangu mwaka 1809 hata 1814. Nyumba hiyo ilitengenezwa upya ikawa hoteli, na tangu mwaka 2008 ni mali ya National Trust.

Wengine waliona sifa hizo na bei zile, wakatamani. Wakanunua majumba, wakatandika mazulia, wakapachika picha za farasi ukutani. Waliiga bei. Wengine hawakuiga ile kazi ya mmoja jikoni na mmoja mlangoni.

USIKU WENYEWE

Sasa, tuseme umefika. Sitaji hoteli yoyote, kwa sababu mambo haya si ya hoteli moja. Mtu mmoja hukutana na hili, mwingine na lile, na mwenye bahati mbaya hukutana nayo yote usiku mmoja.

Ni mwezi wa Desemba. Wakati huo jua la Uingereza huzama kama saa kumi jioni, hivyo unaingia lango gizani. Gari linalia juu ya kokoto. Mlango ni mkubwa, wa mti wa mwaloni. Ukumbini moto unawaka kweli, kama katika picha, na viti vya ngozi vimeuzunguka. Mpaka hapo umefurahi.

Kwenye meza ya mapokezi yupo msichana mmoja. Anaandika jina lako, huku anaitika simu, huku mgeni mwingine anamdai chai. Anakuomba radhi. Baadaye utamwona tena akileta chakula mezani, na asubuhi akimimina kahawa. Ni yeye yule. Watu thelathini wa zamani, leo ni yeye na wenzake wachache.

Kisha unaongozwa chumbani. Hapa wengi hupata pigo la kwanza. Ulidhani utapanda ngazi ile kubwa. Kumbe unatolewa kwa mlango wa nyuma, unavuka ua, mvua inanyesha, unaingia katika jengo la chini: hili zamani lilikuwa zizi la farasi. Au unapandishwa ngazi nyembamba, moja, mbili, tatu, mpaka darini, mahali paa linaposhuka kiasi kwamba mtu mrefu hugonga kichwa. Hapo walilala wale wasichana wa makaa. Chumba cha picha, chenye kitanda cha nguzo nne na madirisha ya kuelekea bustani, kipo. Lakini kina bei yake nyingine. Mtoto wako amelipia picha ya chumba cha bwana, na wewe umepewa chumba cha mtumishi.

Halafu baridi. Si baridi ya Njombe wala ya Limuru, ambayo jua likitoka hukimbia. Hii inakaa. Kuta za mawe zimekuwa baridi miezi yote ya kipupwe, na moto wa saa mbili hauzipashi. Hutaka siku nyingi. Dari ni ndefu, na joto hupanda juu likakuacha wewe chini. Madirisha ni ya kioo kimoja, na pembeni pana nafasi ya upepo kupenya. Hata moto ule mzuri wa ukumbini una hila yake: dohani pana hunyonya hewa ya moto ikaitupa nje, na hewa ya baridi ikaingia kwa kila ufa kuchukua nafasi yake. Aliye karibu na moto huungua magoti, na mgongo wake unatetemeka. Zamani dawa yake ilikuwa moto katika kila chumba, na mtu wa kuuchochea. Leo kuna chuma kimoja cha kupasha joto chini ya dirisha. Ukikigusa saa nne za usiku utakuta kimezimwa ili gesi isipotee.

Unataka kuoga. Beseni ni zuri, la miguu ya chuma. Unafungua bomba, unangoja. Boila iko mbali, upande wa pili wa jumba, na maji yanapita katika mabomba marefu yaliyopoa. Yanakuja maji baridi, halafu vuguvugu. Na kwa kuwa wageni wote wanaoga saa ile ile kabla ya chakula, yale ya moto yamekwisha. Mtu ambaye nyumbani kwake huogea ndoo moja ya maji yaliyochemka kuni za kutosha, hapa anaoga kwa kukurupuka.

Chakula nacho? Wajenzi wa kale waliliweka jiko mbali na chumba cha kulia, ili moshi na harufu visiwafikie wageni na moto usiunguze jumba. Hata enzi za mabwana chakula kilipoa njiani. Leo njia ni ile ile, na wabebaji wamepungua. Sahani inakuja kubwa, chakula kidogo katikati, mchuzi umeganda pembeni. Ukichelewa kidogo unaambiwa jiko limefungwa, na huko shamba hakuna duka wala mama ntilie wa kukusitiri na njaa.

Unalala. Mbao za sakafu zinalia kila mtu apitapo. Mabomba yanagonga ukutani. Na ikiwa ni Jumamosi, chini kuna arusi, maana majumba mengi ya namna hii hupata riziki yake kwa arusi. Ngoma inapigwa mpaka saa sita za usiku, na kitanda kinatetemeka nayo. Hakuna aliyemwambia mtoto wako siku anaweka nafasi kwamba usiku ule jumba limekodiwa na watu wa arusi.

Asubuhi mnapewa mayai yaliyokauka na mkate uliopoa, na saa tano lazima mtoke. Kwa kuwa mliingia saa kumi jioni, ukihesabu yote mmekaa saa kumi na tisa.

MWENYE HOTELI NAYE ANA LAKE

Tumpe mwenye hoteli haki yake. Majengo mengi ya namna hiyo yameandikwa katika daftari la Serikali la majengo ya kale. Mwenyewe hawezi kung'oa dirisha la kale na kutia jipya la vioo viwili bila kibali, na mara nyingi kibali hakitolewi. Paa la jumba moja likivuja, matengenezo yake yaweza kula faida ya miaka. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya gesi ilipanda sana Ulaya nzima. Na tangu mwisho wa mwaka 2020, Uingereza ilipofunga mlango wa vijana wa nchi jirani za Ulaya kuja kufanya kazi bila kibali, hoteli nyingi za shamba zimekosa wahudumu.

Hayo yote ni kweli. Lakini mfanya biashara mwenye shida ana njia mbili. Yaweza kuwa ataje mambo kama yalivyo na kupunguza bei, au afunge nusu ya vyumba na kuvihudumia vizuri vilivyobaki. Mambo hayo ni ya halali. Kuonyesha picha ya moto, kutoza bei ya moto, kisha kumlaza mgeni kwenye baridi, hiyo si shida tena. Huo ni udanganyifu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Wenzetu wa zamani walisema kuuliza si ujinga. Basi mwandikie mtoto wako mapema, umwambie awapigie simu watu wa hoteli awaulize hivi:

Chumba chetu ki wapi hasa? Ni ndani ya jumba lenyewe, au ni katika zizi la zamani? Ni orofa ya ngapi, na kuna lifti? Mzee mwenye magoti mabovu hafai kupandishwa darini.

Joto la chumbani huzimwa saa ngapi? Je, mgeni aweza kuliwasha mwenyewe?

Usiku huo kuna arusi au karamu? Ngoma itakoma saa ngapi?

Chakula cha jioni kimo katika bei? Jiko hufungwa saa ngapi?

Na hili la mwisho: tukiahirisha, fedha itarudi? Mara nyingi ile bei ndogo kuliko zote ni ya fedha isiyorudishwa. Mtu wa zamu za hospitali, ambaye ratiba yake hubadilishwa ghafula, huipoteza kwa urahisi.

Majibu yaandikwe na kutunzwa, hata kama ni barua ya simu tu. Faida yake utaiona sasa hivi.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Hapa, msomaji mpenzi, ndipo nakuomba usikilize zaidi. Mgeni ni kuku mweupe. Katika ukumbi ule yaelekea wewe na mwenzako mtakuwa weusi peke yenu, na Kiingereza chako huenda kimechakaa tangu shule. Utajiambia, nisije nikaonekana mshamba, nitavumilia. Na asubuhi mtoto akikuuliza, "Mmelalaje, Baba?" utamjibu, "Vizuri sana, mwanangu," huku mgongo unauma.

Usifanye hivyo. Kwanza, umemnyima mtoto haki ya kudai jasho lake. Pili, atawapeleka hapo wazazi wa rafiki zake. Tatu, mtoto si mjinga. Atakuona unavyokunja uso ukiinuka, na atajua kwamba umemficha. Hapo atahuzunika mara mbili. Afadhali umwambie polepole, bila kulaumu: "Mwanangu, tumeona upendo wako, na tumekushukuru. Lakini chumba kilikuwa baridi, na mama yako hakulala. Twende tukaseme." Maneno hayo hayamvunji moyo mtoto. Yanamfanya awe upande wako.

Tena seme mapema. Hili ndilo kosa la wengi: huvumilia usiku, hulipa asubuhi, kisha hunung'unika garini. Ukiona chumba kibaya, rudi mapokezi saa ile ile, kabla hujafungua sanduku. Wakati huo huenda kuna chumba kingine, au hita ya umeme ya kubebwa, au blanketi na chupa ya mpira ya maji ya moto. Asubuhi hakuna liwezekanalo ila maneno ya pole.

Sheria nayo iko upande wa mgeni. Uingereza ina Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Inasema kwamba mtu anayeuza huduma lazima aifanye kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Tena, aliyoyasema au kuyaandika juu ya huduma ile, na mnunuzi akayategemea katika kukata shauri, huhesabiwa kuwa sehemu ya mapatano. Ndiyo maana nikasema majibu yatunzwe. Wakisema chumba kimo ndani ya jumba, kisha wakakulaza zizini, wamevunja mapatano. Unaweza kudai warekebishe, na isipowezekana, wapunguze bei. Haki hiyo haiulizi rangi ya mtu wala cheti cha Kiingereza. Mtoto apige picha ya chumba, aandike saa na jina la kazi ya aliyeongea naye, apeleke barua fupi yenye adabu kwa meneja.

Na adabu ni jambo la lazima. Yule msichana wa mapokezi hakujenga jumba wala hakupanga bei. Pengine naye ni mgeni katika nchi ile, amefanya kazi tangu alfajiri. Mwambie shida yako kwa sauti ya kawaida. Katika hesabu ya chakula huenda utaona wameongeza asilimia 10, au 12 na nusu, kwa ajili ya utumishi. Mara nyingi fedha hiyo ni ya hiari, na unaweza kuomba iondolewe ikiwa hukuhudumiwa. Lakini ukihudumiwa vizuri na yule msichana, usimnyime. Tangu Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inamlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote, asijitwalie kitu.

JAMBO LA KUSHIKA

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango wa mwaloni, ngazi pana, picha za mabwana ukutani, vyote hivyo ni mlango tu. Yaliyomfurahisha mgeni wa zamani yalikuwa moto uliowashwa kwa ajili yake, maji yaliyopandishwa kwa ajili yake, na mtu aliyekuja alipoitwa. Hoteli nzuri za leo hufahamu hivyo. Zinalipa watu wa kutosha, zinawasha moto, na bei yake, ingawa ni kubwa, unaiona ilipokwenda. Hoteli mbaya inauza kuta.

Kwa hiyo mtoto akikuonyesha picha ya jumba, mjibu kwa furaha, kisha umwulize habari za watu waliomo. Nani anapika? Nani anapokea wageni? Wako wangapi usiku? Akipata majibu mazuri, nenda, ukafurahi, na asubuhi utembee bustanini kabla ya saa tano, maana bustani zao kweli ni nzuri na hazina malipo ya ziada. Asipopata majibu, mwambie fedha hiyo aiweke, na siku hiyo alale usingizi wake baada ya zamu. Jioni mpike pamoja ugali katika chumba chake kidogo cha mjini, chenye joto.